Siku Tatu na Mama Mkwe Nyuma ya Leso

Kwako Mama, uliyenizalia mke,

Naanza kwa kuomba radhi, maana nakujua. Mkwe hamwandikii mama mkwe moja kwa moja, sharti apitishe ujumbe kwa mtu. Nimetafuta mtu wa kumtuma huko uliko, nimekosa. Mchungaji wetu alinishauri nimwombe Mungu akufikishie, lakini nikafikiri, Mungu mwenyewe ana shughuli zake, nitamtumaje na habari za kuku na pancha ya gari? Basi naandika wazi, asomaye na asome, asije mtu kusema wewe na mimi tulikuwa tunanong'onezana.

Ni mwezi wa nne tena huku Maplewood. Theluji iliyobaki ni vile vichuguu vyeusi kwenye pakingi za maduka, ambavyo wewe ulisema hata takataka za soko lenu la Mbale zina sura nzuri kuliko hivyo. Kila nikiviona nakumbuka kwamba majira kama haya, miaka mitatu iliyopita, tulisafiri siku tatu kwa gari, wewe na mimi, kutoka Saint Paul hadi Arizona, kumfuata mtoto wako aliyekuwa amenikimbia. Silipendi neno hilo, kukimbiwa, lakini ndilo lenyewe.

Tulianza vibaya, na kosa lilikuwa langu. Ulipofika uwanja wa ndege mwezi wa kwanza, umevaa sweta mbili na ndala za mpira juu ya soksi, mimi nilijawa na furaha nikakukumbatia. Mama, sikujua. Pengine wazee wetu wa Kitaita walikuwa na sheria zao za ukwe, lakini mimi nimelelewa mjini Voi, karibu na reli, na nadhani sheria zilipanda treni zikaenda zake. Kwenu Vihiga mkwe hamgusi mama mkwe hata ukucha. Wewe ulisimama wima, mikono chini, macho juu ya dari, ukingoja niishe. Kageha mke wangu alifunga macho. Mama Joyce wa kanisani, Mmaragoli mwenzenu aliyekuwa amekuletea koti, alisema, "Yesu wangu," kwa sauti ya mtu aliyeona ajali.

Tangu hapo ukakaa mbali nami. Kile chumba nilichokipaka rangi kwa ajili yako hukukiona, kwa sababu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe. Ulikaa kwa Mama Joyce, mtaa wa Frogtown, na Jumapili kanisani ulihesabu viti vitatu kati yetu. Nikitaka kukuuliza umeamkaje, namwambia Mama Joyce, anakuuliza, unamjibu, ananijibu. Na sisi wote watatu tumesimama hapo hapo tunasikiana.

Sasa niseme la ubao, ingawa linaniuma. Mimi na Kageha tulikuwa na ubao mweupe kwenye mlango wa friji. Yeye hospitalini, mimi Roseville kwenye nyumba ya kutunza wazee, na shifti zetu zilikuwa zinapishana hivi kwamba mmoja akiingia mwingine anatafuta funguo. Tukawa tunaandikiana. Yeye anaandika, mimi najibu. "Maziwa yameisha." Sawa. "Mgongo unaniuma siku ya tatu leo." Sawa. "Leo tumetimiza miaka sita ya ndoa." Sawa. Ulipokuja kusikia habari za ubao huo uliuliza kama kalamu yangu ilikuwa haijui neno lingine.

Siku ile akaandika: "Nimechukua mkataba wa miezi miwili Arizona. Nimeshaondoka. Kuna githeri kwenye friza." Mama, maneno hayo yalikaa hapo siku mbili kabla sijayasoma. Nilidhani ni orodha ya vitu vya kununua. Siku ya pili, nimerudi kazini nimechoka, nikayaona, nikachukua kalamu, nikaandika chini yake: Sawa. Mkono uliandika wenyewe. Kisha nikapasha githeri, yale mahindi na maharagwe yake, nikala, na ilikuwa tamu. Nilikuwa nimefika kwenye sahani ya pili ndipo nikaelewa nimesoma nini.

Jumapili Mama Joyce aliniuliza Kageha yuko wapi. Nikamwambia yuko kazini, na hilo si uongo. Wewe, viti vitatu nyuma, ukakohoa. Kumbe Kageha alikuwa amekupigia simu, ukajua yote hadi githeri. Baada ya ibada Mama Joyce alinijia na ujumbe wako, amesimama kama karani wa mahakama. "Mama anasema mtamfuata. Anasema hakuvuka bahari kuja kuona mtoto wake akiachika kwa ubao. Na anasema mtaenda kwa gari, maana amebakiza ndege moja tu maishani, ya kumrudisha kwao."

Mpango ulikuwa Mama Joyce aje nasi, akae katikati awe daraja. Asubuhi ya safari nikafika Frogtown, nikamkuta mlangoni ana fimbo. Goti lilikuwa limemkatalia. Wewe ulikuwa tayari umesimama kando ya barabara na begi lako na kuku wawili wa kukaanga waliofungwa kwa foili. Ukanitazama mimi, ukatazama gari, ukamtazama Mama Joyce. Nilidhani utarudi ndani. Badala yake ukafungua mlango wa nyuma, ukaingia, ukatoa leso, ukaifunga kama pazia kutoka dirisha hili hadi dirisha lile, ukajificha nyuma yake.

Leso yenyewe, Mama, ilikuwa imeandikwa "Majuto ni mjukuu." Na maandishi uliyaelekeza kwangu. Ilibidi nipige kelele kumwomba Mama Joyce akuombe uishushe kidogo, maana dereva wa huku anatakiwa kuona nyuma, ukaishusha vidole vinne. Nikaondoka Saint Paul nikiwa na vidole vinne vya barabara kwenye kioo, na chini yake majuto yakiwa yameandikwa kinyumenyume.

Hadi mpaka wa Iowa hatukusema neno. Aliyesema alikuwa yule mwanamke wa ramani kwenye simu. Alisema kwa Kiingereza tukae kushoto, nikakaa kushoto. Akasema tuendelee moja kwa moja maili mia moja na tisini, nikaendelea. Nilisikia leso ikitikisika.

"Dada," ukasema.

Nikageuka. Hukuwa unasema nami.

"Dada wa simu. Mwambie dereva apunguze mwendo."

Nilichelewa kidogo kuelewa. Halafu nikakohoa nikasema, "Dada, mwambie Mama barabara hii inaruhusu maili sabini."

"Dada, mwulize maili ni nini."

Hivyo ndivyo tulivyopata mtu wa katikati. Nilipenda ulivyompima kwanza. Ni mwanamke, ni mtu mzima kwa sauti, hana undugu na upande wowote, na hapeleki umbea. Yeye mwenyewe hakuelewa Kiswahili hata neno moja, lakini ulisema balozi mzuri ndivyo anavyotakiwa kuwa. Na ulimsifu. "Huyu dada ana adabu," ulisema Nebraska, ukiwa unaongea na dirisha. "Anasema jambo kabla halijafika. Wengine jambo likishapita ndiyo wanaliona kwenye friji." Mimi nilikaza macho barabarani.

Tatizo lingine lilikuwa chakula. Mkwe na mama mkwe hawaonani wakitafuna. Kila tulipopumzika, wewe ulikula kuku garini, nami nazunguka gari nje hadi umalize. Nebraska mwezi wa nne ina upepo wa kumng'oa ng'ombe pembe. Kuna mahali nilizunguka mara kumi na nne, mikono kwapani, hadi dereva mmoja wa lori akaja kuniuliza kama nimefungiwa nje. Nikamwambia hapana, mama mkwe wangu anakula. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mama mkwe wake alimwekea sumu, kwa utani nadhani, akaenda.

Hotelini nako. Nilimwomba yule mzee wa kike wa mapokezi vyumba viwili vilivyo mbalimbali kabisa, ikiwezekana pande mbili za jengo. Alinitazama, akakutazama wewe uliyekuwa umesimama nje ya mlango wa kioo umenipa mgongo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna usalama. Nikamwambia ni mama mkwe. "Ah, mwanangu," akasema, "usiniambie zaidi," akatupa chumba cha kwanza na cha mwisho. Nilipokwambia kupitia kwa Dada, ulifurahi sana. Ulisema kumbe wazungu nao wana mila.

Halafu Colorado. Hilo sitalisahau. Milima ilitokea upande wa kulia, mwanzoni nikadhani ni mawingu, nawe ukasema, "Dada, mwambie asimame." Nikasimama kwenye eneo la kutazamia. Ulishuka, ukajifunga leso yako ya pili kichwani, ukatazama ile theluji juu na misonobari chini kwa muda mrefu, midomo inacheza. Nilidhani unasali. Nikasogea hatua mbili, umbali wa heshima, ili nami nisali.

"Dada," ukasema, ingawa Dada alikuwa garini, "mwulize nani anaishi kule."

"Dada, mwambie hakuna mtu."

"Hakuna mtu. Na yote haijalimwa?"

"Haijalimwa."

Ulikasirika, Mama. Kweli ulikasirika. Kwenu Vihiga watu wanapelekana kwa chifu kwa ajili ya ukingo wa upana wa jembe, na hapa Mungu amemwaga nchi nzima akaiacha. Tangu pale hadi jioni uligawa Colorado. Bonde hili ulimpa mdogo wako, ukingo ule ukawapa kina mama wa kanisa, na pale penye ng'ombe weusi ukasema pangefaa chai. Hatimaye ikafika zamu yangu. Ukasema, "Dada, huyu dereva tutampa pale penye mawe. Akishaonyesha kazi tutaongeza."

New Mexico ilikushinda. Tuliingia siku ya tatu asubuhi, nchi kavu hadi macho yanapoishia, mchanga mwekundu, vichaka vya miiba vinavyobingirika barabarani vyenyewe bila kuulizwa. Mimi moyo ulinifunguka. Ilikuwa nyika ya kwetu kabisa, kama ukitoka Voi ukielekea Taru, na kando ya njia nikaona mimea yenye majani ya upanga, ndugu wa mkonge wetu. Na kwa kuwa ni majira ya kuchipua, katikati ya ukame huo maua ya njano yalikuwa yametandaa chini, madogo, yamejibana kwenye mchanga. Nilitaka kukwambia habari za baba yangu aliyekata mkonge miaka ishirini. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa nimezoea.

"Dada," ukasema nyuma ya leso, "hapa hata ukipewa bure."

Tulikuwa tumekaribia mpaka wa Arizona, tunapanda milimani, Dada aliponyamaza. Mtandao ulikuwa umeondoka. Dakika kumi baadaye tairi la mbele likapasuka.

Nilitoa gari barabarani, nikashuka. Hakuna nyumba, hakuna gari, miamba tu na upepo. Nikatoa jeki na spea, nikaanza kufungua nati. Nilikusikia ukiita, "Dada? Dada?" Kimya. Kisha mlango ukafunguka, nikaona miguu yako na zile ndala, inakuja, inasimama, inarudi, inakuja tena.

"Unaifunga," ukasema.

Nilitazama huku na huku kumtafuta aliyeambiwa.

"Wewe. Hiyo nati unaifunga badala ya kuifungua. Geuza kule."

Nikageuza kule. Ikafunguka. Ndiyo yalikuwa maneno yako ya kwanza kwangu, Mama, tangu nimwoe binti yako, na ulikuwa unasema kweli.

Ulikinga upindo wa ile leso ya pili, uliyojifunga kiunoni, nikakutilia nati moja moja, tano, bila kukugusa. Nilipokuwa nimechuchumaa, gari juu ya jeki, ukaniuliza tena moja kwa moja. Labda kwa kuwa uso wangu ulikuwa umeelekea tairi ilikuwa rahisi.

"Ulikuwa unazungumza zamani? Au tulikuozea bubu tukadanganywa?"

"Nilikuwa nazungumza, Mama."

"Ikawaje?"

Nikalivuta tairi likatoka. Ukangoja. Wewe unajua kungoja, umefundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Na mimi, nikiwa nimeshika tairi kwa mikono miwili, nikasema jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata mchungaji. Nilisema kwamba miaka miwili kabla ya hapo, mimba yetu ya miezi mitano ilipotoka, daktari alituita kwenye kile chumba chenye picha ya ziwa ukutani. Alipotuambia moyo wa mtoto umesimama, Kageha alinishika mkono, na mimi nikamwambia daktari, "Sawa." Nilisema sawa, Mama. Kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Kageha akanigeukia akanitazama, na tangu siku ile niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitasema jambo baya kuliko lile, nikaona afadhali nisiseme kitu.

Upepo ulivuma. Nilikuwa nalia, na mikono ilikuwa na grisi, kwa hiyo sikuweza kujifuta.

"Najua," ukasema. "Aliniambia siku ile ile. Nimekuwa nangoja uniambie wewe."

"Ningekwambiaje, Mama? Haturuhusiwi kuongea."

"Mimi na wewe mila imetukataza," ukasema. "Wewe na mwanangu, nani amewakataza?"

Nikaiviringisha spea hadi mahali pake. Nilipachika tairi. Nikanyoosha mkono, ukadondosha nati, moja, mbili, tatu, nne. Ya tano hakuna. Nilipiga magoti nusu saa nikipekua mchanga, nimevaa suruali yangu nzuri ya kwenda kumwomba mke msamaha, nawe unanielekeza kwa kidole, tafuta pale, tafuta hapa, umetazama chini ya jiwe? Hatimaye ukagusa kiunoni, ukaikuta. Ulikuwa umeifunga kwenye ncha ya leso, fundo barabara, kama unavyofunga sarafu za sadaka. Uliifungua polepole, ukanipa. Hukuomba radhi, ila ulisema ni vizuri kwamba nimepiga magoti, nitakuwa nimezoea tukifika.

Tukashuka bonde lile refu la Arizona lenye mto chini kabisa, barabara inajipinda ukutani, nawe ulikuwa umeiondoa leso ili uone. Ukaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikakwambia habari za mkonge, maili arobaini, na ukasikiliza. Ukaniambia wewe mwenyewe ulipoteza mtoto kabla ya Kageha, na mume wako aliondoka akaenda kulima usiku na mchana wiki nzima, hadi ukamfuata shambani ukamnyang'anya jembe. Ulisema wanaume wenu na wetu ni wale wale.

Tulipotokea upande wa pili, kwenye ile mimea mirefu inayoinua mikono juu kama imekamatwa na askari, simu ikapata mtandao. Dada akasema tugeuke kushoto. Nilikusikia ukivuta pumzi. Ukachukua leso, ukaifunga tena dirisha hili hadi dirisha lile, na safari hii maandishi uliyaelekeza kwako.

"Dada, karibu," ukasema. "Mwambie dereva nimechoka lakini si sana."

Tucson tulifika jua lingali juu. Nyumba za kupanga alikokuwa Kageha zilikuwa na miti ya maua ya njano yaliyodondoka hadi ngazi zikawa njano. Nilizima gari. Nikangoja ushuke kwanza, maana mama mzazi ndiye anayetangulia, na mimi nilitaka nijifiche nyuma yako. Hukushuka.

"Dada, mwambie aende. Mimi nimemsindikiza tu."

"Dada, mwambie Mama naogopa."

"Dada, mwambie hata mimi naogopa. Aende."

Nilikuwa nimejitayarishia hotuba tangu Iowa. Kageha alifungua mlango akiwa na sare ya kazi na mwiko mkononi, na hotuba yote ikapotea. Nilianza na nati. Nikamwambia nati tano, nne, ile moja ya leso. Nikamwambia Colorado haijalimwa na mama yake ameshaigawa. Nikamwambia githeri ilikuwa tamu. Ndipo nikafika kwenye kile chumba chenye picha ya ziwa, nikamwambia kwamba sikumaanisha sawa, kwamba haikuwa sawa, kwamba nilikuwa nimeshamchagulia yule mtoto jina na sikumwambia mtu yeyote. Nikamtajia jina. Nilikuwa sijawahi kulitamka kwa sauti.

Kageha alisimama pale na mwiko wake. Akaniuliza, "Umemaliza?"

"Bado."

"Basi ngoja nizime jiko," akasema.

Tuliongea pale ngazini hadi maua yakajaa mabegani, nawe garini umefunga vioo, umelala au unajifanya. Mwishoni akaniambia, "Sirudi na wewe. Nitamaliza mkataba, nifikirie." Neno lile likanijia ulimini, lilikuwa limeshafika kwenye meno, nikalimeza. Nikamwambia, "Mimi sitaki hivyo. Inaniuma sana, na njia ya kurudi ni ndefu." Akanitazama. "Afadhali hiyo," akasema, akaja kukufungulia mlango wa gari.

Nilirudi peke yangu siku ya pili. Ulisimama kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, mimi chini kwenye gari, umbali wa kutosha kwa mila yoyote, ukainua mkono. Sikujua ndiyo mara ya mwisho. Ulipanda ndege yako moja kutoka huko huko, na wiki sita baadaye Kageha akashuka uwanja wa Minneapolis na begi moja, nikamsimulia mambo ya wiki sita kuanzia mlangoni hadi pakingi, tukalipita gari mara mbili.

Mama, ulipotutoka mwaka jana, Kageha alikuja kukuzika. Mimi karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa bado ofisini kwa watu, nikabaki nikitazama mazishi kwenye simu, umati wote ule na mvua ya Vihiga, wakwe wenzangu wamesimama upande wao na nafasi yangu wazi. Nililia sana, Mama, na sikumficha mtu. Nilitaka kukushukuru na sikujua mkwe humshukuruje mama mkwe. Nilitaka kukwambia kwamba ulinisindikiza maili elfu moja na mia nane ili nipande ngazi kumi na mbili, na kwamba ngazi zile zisingepandika bila maili zile.

Kageha hakuniambia jambo hili hadi juzi, tulipokuwa tunaosha vyombo. Anasema mlipoongea kwa simu mara ya mwisho, sauti yako imeshapungua, hukumwuliza habari za kazi wala za baridi. Ulimwuliza, "Huyo bwana wako, anaongea siku hizi?"

"Mama," akakujibu, "anaongea hadi nachoka."

Anasema ulicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Halafu ukamwambia, "Basi choka, mwanangu."

Pumzika, Mama. Amechoka kweli, na amelala hapa kando yangu mchana huu wa Jumapili, nami bado sijamaliza.

Ni mimi,
mkweo wa Maplewood